Sura ya 6: Ya Milioni Tisa au ya Laki Nane?

Kila anayefikiria kununua miwani ya uhalisia mseto hufika kwenye swali lile lile: mbona moja inauzwa milioni tisa na nyingine laki nane, ilhali zote zinafungwa kichwani na zote zinaonyesha vitu visivyokuwepo? Muulizaji akiwa mtu wa kwetu, swali huja na jibu lake ndani. Tumekua tukiambiwa kwamba rahisi ni ghali, na wengi wetu tumelithibitisha hilo kwa chaja zilizoungua na simu feki zilizozima kabla risiti haijapotea. Kwa hiyo hesabu inafanyika haraka: asiye na milioni tisa bora aache kabisa, asije akatupa laki nane zake. Sura hii inaipinga hesabu hiyo. Katika bidhaa hii bei ndogo haikutokana na ubovu, na bei kubwa hainunui umri mrefu wa kifaa wala raha ya shingo. Inanunua hasa kitu kimoja, nacho ni ubora wa picha. Ipo kazi inayodai picha ya namna hiyo, na mwenye kazi hiyo atoe mamilioni yake bila kuona aibu. Walio wengi hawana kazi hiyo.

Tunazungumzia kitu gani

Uhalisia mseto ni teknolojia inayochanganya chumba ulichomo na vitu vilivyochorwa na kompyuta, hivi kwamba vitu hivyo vinaonekana vimekaa mahali pake. Skrini kubwa inaning'inia ukutani, ukigeuka inabaki pale pale. Mpira unadunda juu ya meza yako halisi na kuangukia zulia lako. Unatofautiana na uhalisia pepe, ambao unakufungia nje ya chumba kabisa na kukupeleka kwenye ulimwengu mwingine uliochorwa mwanzo hadi mwisho. Miwani za siku hizi zinafanya yote mawili, na hubadilisha kwa kubonyeza kitufe.

Neno miwani linaweza kupotosha kidogo hapa, kwa sababu nyingi ya hizi hazina kioo cha kuona ng'ambo. Mbele kuna kamera. Kamera zinachukua picha za chumba, kompyuta iliyomo ndani inaongeza vitu vyake, kisha yote yanaonyeshwa kwenye skrini mbili ndogo zilizo sentimita chache tu kutoka machoni, huku lenzi zikikaa katikati ili jicho liweze kuzisoma. Unachokiona ni video ya sebule yako. Shika hilo vizuri, maana nusu ya tofauti ya bei imejificha humo.

Kwa upande wa bei ya juu nitatumia Apple Vision Pro, iliyoanza kuuzwa Marekani tarehe 2 Februari 2024 kwa dola 3,499, na ambayo toleo lake jipya la Oktoba 2025 lilibaki na bei ile ile. Kwa upande wa chini nitatumia Meta Quest 3S, iliyotoka Oktoba 2024 kwa dola 299.99. Kati yao wapo Quest 3 ya Meta, iliyotoka kwa dola 499, na Samsung Galaxy XR iliyotoka Oktoba 2025 kwa dola 1,799. Kwa fedha zetu, kabla ya usafiri na kodi, Vision Pro ni kama shilingi milioni 9 za Tanzania au shilingi 450,000 za Kenya. Quest 3S ni kama laki nane za Tanzania, au chini kidogo ya shilingi 40,000 za Kenya. Ongeza VAT, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, pamoja na ushuru na faida ya aliyekuletea, na pengo kati ya hizo mbili linazidi kupanuka, kwa sababu kodi inafuata thamani ya mzigo.

Milioni nane za ziada zinakwenda wapi

Zinakwenda kwenye skrini kwanza. Picha yoyote ya kidijitali imejengwa kwa pikseli, yaani nukta ndogo ndogo za rangi, na kadiri nukta zinavyosongamana ndivyo picha inavyokosa chengachenga. Skrini mbili za Vision Pro zina jumla ya pikseli milioni 23. Za Quest 3 zina takriban milioni 9, na za Quest 3S kama milioni 7. Skrini za Apple ni za aina ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, kwa hiyo usiku wa kwenye filamu ni mweusi kweli; kwenye Quest, taa iko nyuma ya skrini, na usiku huo unaelekea ukijivu.

Wauzaji hupenda kutaja jumla ya pikseli kwa sababu ni namba kubwa. Kipimo chenye maana zaidi ni pikseli zilizomo katika digrii moja ya mtazamo wako. Nyoosha mkono mbele na utazame kidole cha mwisho: upana wake ni kama digrii moja. Jicho lisilo na kasoro linaweza kutofautisha takriban nukta 60 ndani ya upana huo. Vision Pro inatoa kama 34, Quest 3 kama 25, Quest 3S kama 20. Hapo mambo mawili yanajitokeza. La kwanza, Vision Pro inashinda, na ushindi wake ni wa kweli. La pili, hata hiyo ya milioni tisa imefika zaidi kidogo ya nusu ya uwezo wa jicho. Umelipa karibu mara kumi na mbili ili upate nukta ambazo hazijafika hata mara mbili.

Tofauti hii inaonekana vizuri zaidi ukichukua simu yako mfukoni na kuisoma ukiwa umevaa. Ndani ya Vision Pro, kwenye chumba chenye mwanga wa kutosha, ujumbe wa WhatsApp unasomeka bila kukunja uso. Mwanga ukipungua, picha inaanza kufanya ukungu na mkono ukipita haraka unaacha mvuto wa rangi. Ndani ya Quest 3 unasoma, ila kingo za simu zinapindapinda kila unapoisogeza. Ndani ya Quest 3S unajua kwamba ni WhatsApp na unajua nani ameandika, lakini kuusoma ujumbe wenyewe ni kazi, na wengi huishia kuinua miwani hadi kwenye paji la uso na kuchungulia kwa chini.

Fedha nyingine zinakwenda kwenye vitambuzi vya macho. Ndani ya Vision Pro kuna kamera zinazofuata mboni: unatazama kitufe, unagusanisha kidole gumba na cha shahada, na kitufe kimebonyezwa. Quest 3 na 3S hazina kamera za mboni, zinategemea mikono yako au vidhibiti viwili vya kushika vinavyokuja ndani ya boksi. Kuna pia chipu ya pili ya Apple, R1, yenye kazi moja tu ya kuharakisha picha kutoka kamera hadi jichoni kwa takriban milisekunde 12. Halafu kuna ile skrini ya nje, iliyobandikwa usoni mwa miwani ili walio karibu waone mchoro wa macho ya mvaaji. Hiyo ni fedha iliyopotea bure. Inaongeza uzito na gharama kwa faida ya mtu ambaye hakununua.

Kwa nini rahisi hapa si ghali

Bidhaa hushuka bei kwa njia mbili. Ya kwanza tunaijua wote: mtengenezaji anapunguza ubora, anaweka betri dhaifu na plastiki nyepesi. Ya pili ni pale mwenye bidhaa anapokubali kuuza kwa faida ndogo, au kwa hasara, kwa kuwa anategemea kupata mbele ya safari. King'amuzi cha televisheni ndivyo kinavyouzwa: kile kisanduku hakibebi gharama zote, maana kampuni inajua itakukamata kwenye kifurushi cha kila mwezi. Meta wamefuata njia hii ya pili. Wanachukua sehemu ya mauzo ya kila mchezo unaonunuliwa kwenye duka lao la programu, na wamekuwa tayari kusubiri. Kitengo chao kinachotengeneza vifaa hivi kilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 16 mwaka 2023 na zaidi ya bilioni 17 mwaka 2024. Si hasara yote iliyotokana na miwani, humo kuna utafiti wa miaka mingi ijayo, lakini inatosha kuonyesha kwamba aliyenunua Quest hajalipia kila kitu alichokivaa.

Ndiyo maana ndani ya Quest 3S ya laki nane kuna chipu ile ile, Snapdragon XR2 Gen 2, iliyomo kwenye Quest 3 ya dola 499. Mchezo unaochezwa kwenye moja unachezwa kwenye nyingine. Palipobanwa ni kwenye skrini na lenzi. Quest 3S imerudi kwenye lenzi za zamani zenye mikwaruzo ya duara, moja ndani ya nyingine, iliyochongwa makusudi ili kupunguza unene. Maandishi meupe yakitokea juu ya giza, mikwaruzo hiyo inatawanya mwanga na unaona miale ikitoka pembeni mwa herufi. Aidha picha ni safi katikati tu. Ukizungusha jicho kutazama kona bila kugeuza shingo, kona imefifia. Lenzi za Quest 3 hazina kasoro hiyo kwa kiasi hicho. Kwa maoni yangu, dola 200 zinazotenganisha Quest 3S na Quest 3 ndizo zinazoleta mabadiliko makubwa kuliko fedha nyingine yoyote ya nyongeza katika soko hili, na mwenye uwezo wa kuziongeza aziongeze.

Kwa ufupi: ya bei nafuu imebana kwenye picha, haikubana kwenye injini, na sehemu ya bei yake imelipwa na kampuni.

Makaburi ya miwani ghali

Msomaji makini atauliza: kama kampuni inauza kwa hasara, si siku moja itachoka na kufunga duka? Atasema, heri nilipe zaidi kwa kifaa chenye mwenyewe imara, kidumu. Kwenye friji au cherehani hoja hiyo ina mashiko. Historia fupi ya miwani hizi, hata hivyo, inaonyesha mambo kinyume kabisa.

Magic Leap One ilitoka Marekani mwaka 2018 kwa dola 2,295. Ilikuwa na kioo cha kuona ng'ambo na ilisifiwa kabla hata haijaonekana. Tarehe 31 Desemba 2024 kampuni ilizima huduma za mtandaoni ambazo kifaa kilizitegemea, na walioitunza kabatini wakabaki na pambo. Microsoft walitoa HoloLens 2 mwaka 2019 kwa dola 3,500, wakiwalenga viwanda, hospitali na majeshi. Oktoba 2024 walithibitisha kwamba hawaitengenezi tena. Microsoft hao hao walikuwa na mfumo ndani ya Windows ulioendesha miwani za HP, Acer, Samsung na wengine. Desemba 2023 walitangaza kuuacha, na toleo la Windows 11 la mwaka 2024 likaja bila mfumo huo kabisa. Miwani zilikuwa nzima, lenzi hazina hata mchubuko, lakini kompyuta haikuzitambua tena.

Ndani ya Meta yenyewe ushahidi uko wazi zaidi. Quest 2 ilitoka mwaka 2020 kwa dola 299. Quest Pro, iliyokusudiwa wenye maofisi, ilitoka Oktoba 2022 kwa dola 1,499.99. Kufikia Machi 2023 Quest Pro ilikuwa imeshuka hadi dola 999.99, yaani aliyewahi kununua alipoteza dola 500 kabla ya miezi sita, na mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeondolewa sokoni. Quest 2 ya bei nafuu iliendelea kuuzwa mpaka 2024. Sababu si ngumu kuielewa. Watengenezaji wa programu hufuata walipo watu wengi, na watu wengi wako kwenye kifaa cha bei nafuu. Kifaa chenye watumiaji mamilioni ni vigumu kukiua. Chenye watumiaji wachache kinauawa kwa tangazo la aya mbili.

Nguvu hiyo hiyo inaonekana kwenye programu. Vision Pro ilipozinduliwa, Netflix, YouTube na Spotify hawakuitengenezea programu zao, ikabidi watumiaji wapitie kivinjari. Ilikuja pia bila kidhibiti cha kushika mkononi, na michezo mingi iliyojengwa kwa kushika na kurusha ikabaki upande wa Quest. Apple walianza kuruhusu vidhibiti vya Sony mwaka 2025. Milioni tisa hazikununua nafasi ya mbele kwenye foleni.

Basi hesabu ya busara ni kuigawa bei kwa miaka. Tukadirie miaka minne, ambayo si kidogo kwa vifaa hivi. Vision Pro inakugharimu takriban dola 875 kwa mwaka, Quest 3 kama 125, Quest 3S kama 75. Na hapo hujaidondosha. Wakati wa uzinduzi, kubadilisha kioo cha mbele cha Vision Pro bila bima ya Apple kulitajwa kuwa dola 799, na uharibifu mwingine dola 2,399. Tengenezo moja tu la aina hiyo ya pili, na fedha yake ingenunua Quest 3S nane mpya. Tena tengenezo lenyewe halifanyiki Kariakoo wala Luthuli, hata kwa fundi hodari wa simu, kwa sababu skrini hizo hana pa kuzipata.

Shingo, macho na kichwa

Wengi wanaamini kwamba ya bei nafuu ndiyo inayoumiza kichwa. Ukweli umechanganyika. Uzito kwanza: Quest 3 ina gramu 515 na Quest 3S gramu 514, betri ikiwa ndani. Vision Pro ya kwanza ilikuwa kati ya gramu 600 na 650 kichwani, na betri yake ya gramu 353 inakaa mfukoni kwa waya. Toleo la 2025 limefika gramu 750 hadi 800, sehemu kwa sababu mkanda mpya umewekewa uzito nyuma ili kusawazisha ule wa mbele. Kusawazisha kunasaidia kweli. Lakini shingo inabeba jumla. Kwa hiyo ghali zaidi ni nzito zaidi, na si uzito wa kupuuza kwa mtu anayetaka kutazama filamu ya saa mbili.

Kichefuchefu ni suala jingine. Hutokea macho yakisema tunakwenda na sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mwendo, likisema tumekaa. Picha inayochelewa nyuma ya kichwa huzidisha hali hiyo, na hapo Vision Pro ina nafuu kwa sababu ya ile chipu ya pili. Lakini mchezo wa kuendesha gari utakusumbua ndani ya miwani yoyote, kwa kuwa mgongano uko kwenye mchezo wenyewe. Katika uhalisia mseto, ambako unaiona sakafu yako, tatizo hupungua sana kwa pande zote mbili.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna fedha inayoiondoa. Unapotazama kitu cha karibu katika maisha ya kawaida, macho hufanya mambo mawili pamoja: mboni zinaelekea ndani, na lenzi ya jicho inajikaza ili ione sawasawa. Ndani ya miwani hizi skrini iko umbali mmoja wakati wote, na lenzi zimeifanya ionekane iko mita moja au mbili mbele. Kitu kikichorwa karibu na pua, mboni zinaelekea ndani, ila lenzi ya jicho inatakiwa ibaki pale pale. Ubongo haujazoea, unachoka. Quest 3S inafanya hivyo, Vision Pro inafanya hivyo, Galaxy XR inafanya hivyo. Ukiumwa kichwa kwa sababu hii, kupanda bei hakutakuponya. Pumzika kila baada ya dakika ishirini au thelathini, na vitu vya kusoma visogeze mbali.

Palipo na tofauti ya haki ni kwenye umbali wa mboni, yaani nafasi kati ya kitovu cha jicho moja na jingine. Lenzi zisipokaa mbele ya mboni, picha hufifia na macho huvutika. Vision Pro inajipanga yenyewe. Quest 3 ina gurudumu dogo unalizungusha. Quest 3S ina vituo vitatu tu, milimita 58, 63 na 68. Macho yako yakiangukia katikati ya vituo utavumilia. Yakiwa nje kabisa ya vituo hivyo, watoto na baadhi ya watu wazima wakiwemo, usiichukue Quest 3S hata ukipewa punguzo. Na kwa wenye misuko mikubwa, vilemba au mitandio: mikanda ya miwani hizi imebuniwa kwa kichwa chenye nywele fupi. Jaribu kabla ya kulipa.

Anayestahili kununua ya ghali

Yupo. Ni yule anayesoma maandishi kwa saa nyingi ndani ya miwani. Aliye na kompyuta ya Mac anaweza kuifungua skrini yake ndani ya Vision Pro ikawa pana kama ukuta, na herufi zikasomeka bila taabu. Kwenye Quest 3 jambo hilo linawezekana kwa barua pepe chache. Kwa mhasibu anayeshinda kwenye safu za namba, macho yatagoma kabla ya chakula cha mchana. Mchoraji wa majengo anayemwonyesha mteja nyumba kabla ya msingi kuchimbwa, daktari anayetaka kuzungusha picha ya kipimo cha mwili hewani, mhariri wa filamu: hawa kila nukta ya ziada inawaingizia fedha au inawapunguzia makosa. Kwao dola 875 kwa mwaka ni gharama ya ofisi. Asiyetumia vifaa vya Apple aitazame Galaxy XR kwanza, ambayo skrini zake zina nukta nyingi hata kuliko za Apple, kwa nusu ya bei, na gramu 545 kichwani.

Lakini taasisi nyingi hujiingiza kwenye kundi hili bila sifa. Chuo cha ufundi chenye milioni tisa kinaweza kununua Vision Pro moja, ikafungiwa kwenye ofisi ya mkuu na kutolewa wageni wakija, au kikanunua Quest 3S kumi na moja na darasa zima likafanya mazoezi kwa zamu fupi. Ujuzi wa mikono unatokana na kurudia. Mwanafunzi aliyerudia zoezi mara thelathini kwenye picha yenye chengachenga atamshinda aliyelifanya mara moja kwenye picha safi.

Pingamizi lenye uzito: faragha

Wapo wanaosema kilichofanya Quest iwe nafuu ni kwamba bidhaa inayouzwa ni wewe. Hoja hii siitupi. Meta wanaishi kwa matangazo, miwani haiwaki bila akaunti yao, na kifaa chenye kamera kinachora ramani ya chumba chako ili kujua ukuta uko wapi. Apple wanaishi kwa kuuza vifaa, na wamepanga mfumo wao ili programu isijue ulikuwa unatazama wapi mpaka pale unapogusanisha vidole. Hiyo ni tofauti ya misingi, na mwanasheria au daktari mwenye siri za watu ana sababu halali ya kuilipia.

Hata hivyo, ukitaka kupima hatari yenyewe, kumbuka kwamba taarifa za ndani kabisa ambazo miwani inaweza kukusanya ni zile za macho: ulitazama nini, kwa muda gani, ukarudia mara ngapi. Quest 3 na 3S hazina kamera za mboni. Ubanaji wa matumizi umewalinda wateja bila yeyote kukusudia. Kwa mtu anayecheza na kufanya mazoezi sebuleni, inatosha kukataa ruhusa ya taarifa za chumba kwa programu isiyoihitaji na kuiweka miwani ndani ya mfuko wake ikishazimwa.

Kabla ya kutoa hela

Vaa kwa dakika ishirini, si mbili. Dakika mbili za kwanza kila miwani ni muujiza. Katika hizo ishirini, fanya haya:

- Soma simu yako ukiwa umevaa, kisha soma kitu kirefu ndani ya miwani yenyewe.
- Tazama kona kwa macho bila kugeuza shingo.
- Inama kama unayeokota kitu. Ikiteleza hapo, kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa na jasho lake itateleza zaidi.
- Mwombe muuzaji awashe duka la programu kwa akaunti iliyosajiliwa katika nchi yako, na ulipie kitu kidogo kwa kadi yako. Maneno tu hayatoshi.

Jambo hili la mwisho ndilo linalowaumiza wengi. Vision Pro imezinduliwa nchi kwa nchi: baada ya Marekani zikaja Japani, China, Singapore, Uingereza, Ujerumani, Ufaransa na nyinginezo, na Novemba 2024 Umoja wa Falme za Kiarabu. Afrika Mashariki haimo, kwa hiyo nyingi zinazofika huku zinapitia Dubai, na likitokea la kutokea mzigo unarudi huko huko kwa gharama yako.

Ukiamua kununua mtumba, mambo yanabadilika kidogo kwa upande wa kila moja. Kwa Quest, mwenyewe wa zamani aondoe akaunti yake na kuirudisha miwani kwenye hali ya kiwandani mbele ya macho yako, kisha iwashe ukague skrini kupitia lenzi: miwani ikiachwa dirishani, lenzi hukusanya jua na kuunguza skrini iliyo nyuma yake, ikabaki na doa ambalo haliondoki. Kwa Vision Pro, hakikisha kufuli ya akaunti ya Apple imefunguliwa, la sivyo umenunua kioo. Halafu angalia kile kizuizi cha mwanga kinachogusa uso. Hutolewa kwa saizi, baada ya uso wa mnunuzi wa kwanza kupimwa kwa kamera ya simu, na kikiwa si cha uso wako mwanga unaingia pembeni ya pua. Kipya ni dola 199. Kama aliyekuuzia alivaa lenzi za kurekebisha macho, azichukue aende nazo. Ni za namba ya macho yake, na wewe utaagiza zako kwa dola 149.